Bima ya Mke Mmoja

Mtakaosoma, niwieni radhi kwa mwandiko wangu. Herufi zangu huinama kama mihogo iliyopigwa na upepo, na maneno mengine sina hakika kama nimeyaandika sawa. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea jembe zaidi ya kalamu. Lakini nimeona niandike, kwa sababu kaka yangu alisema neno mbele ya watu, na mimi mbele ya watu sina ulimi. Alisema anayekwenda hospitali ya serikali ni mtu asiyeipenda roho yake. Mama yangu alikuwapo, ameketi mkekani, anasikia.

Kwetu ni Matsangoni, ndani kidogo kutoka barabarani. Baba ana wake wawili. Mama mkubwa ndiye mke wa kwanza, na kaka huyo ni mwanawe. Mama yangu ni wa pili. Nyumba ni mbili, ua ni mmoja. Baba ni mtunza bustani katika hoteli moja ya Watamu, na tangu nipate akili sijamwona akiingiza nyumbani kitu kisichogawika. Akinunua leso, hununua doti mbili za rangi moja. Akipewa samaki mmoja, humpasua kuanzia kichwani mpaka mkiani, na mama mkubwa huchagua kwanza. Kwetu mume asiyejua kugawa haozwi mke wa pili.

Basi hoteli ikaleta bima. Meneja aliwakusanya wafanyakazi nyuma ya jiko akawaambia kwamba kila mshahara utakatwa kidogo, hoteli nayo itaongeza, na watakuwa wanatibiwa katika kliniki ya kulipia huko Malindi, wao na watu wao. Kila mmoja angepewa kadi. Alitakiwa alete picha yake na picha moja ya mke.

Baba akafanya ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Aliwachukua wake zake wote wawili mpaka studio ya picha Malindi, wakapigwa pamoja. Kumpeleka mmoja studio na kumwacha mwenzake akipepeta mahindi ni kutafuta vita. Nyuma yao palikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mama mkubwa aliinua kidevu kama anayesubiri kusalimiwa, na mama yangu alibana midomo asicheke.

Yaliyotokea ofisini baba alitusimulia mwenyewe. Karani aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee, hawa ni kina nani?"

"Wake zangu."

"Na wa bima ni yupi?"

"Hao."

"Bima ni ya mke mmoja, mzee."

"Mliniambia nilete picha moja ya mke. Hiyo ni moja."

Karani alicheka, akavuta mtoto wa meza, akatoa mkasi. "Usijali. Hapa katikati pana nafasi. Nikate upande upi?"

Baba aliifunika picha kwa kiganja chake. Akasema atarudi.

Jumapili tulikaa uani kulizungumza jambo hilo. Lililokuwa likizungumzwa hasa ni pumzi ya mama yangu, maana ana pumu. Moshi wa korosho zinazochomwa ukimfikia, kifua hupiga miluzi na kucha zake hugeuka rangi. Sote tulijua ni nani katika ua ule anayehitaji daktari wa haraka. Lakini mke mkubwa ni mke mkubwa.

Kaka ni mhudumu wa mezani katika hoteli nyingine. Ana mke mmoja, na kadi yake alikwisha kuipata. Akaanza yeye.

"Baba, hapa hapana la kufikiri. Mke wa kwanza ndiye mke. Mama mdogo ataendelea na hospitali ya serikali, kwanza ameshaizoea."

"Mimi nina ugonjwa gani?" akasema mama mkubwa. "Niende kliniki nikatazame feni? Mpeni huyu anayelia kama mlango mbovu."

"Mlango mbovu ni wewe ukilala," mama yangu akamjibu, na watu wakacheka.

Kaka hakucheka. "Ninyi hamjafika kule. Daktari anakusalimia kwanza. Unakalia kiti chenye mto. Dawa haziishi. Serikalini unafika asubuhi, adhuhuri bado umesimama, ukifika dirishani unaambiwa dawa njoo kesho. Rahisi ghali, jamani. Anayekwenda kule ni mtu asiyeipenda roho yake."

Akanigeukia mimi. "Na wewe unasemaje, dada? Au unangoja mume mwenye kadi?"

Niliinamia uteo wangu, nikaendelea kupepeta mahindi.

Kaka hakusema uongo, nami sitasema uongo nikimjibu. Foleni ile naijua. Nimeshamsindikiza mama mara nyingi. Nimemwona akilala kitanda kimoja na mwanamke wa Mambrui, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule, miguu ya kila mmoja usoni pa mwingine. Nimemsikia muuguzi akitufokea kwamba tunaleta watu wakiwa wamebakisha pumzi moja. Lakini muuguzi huyo huyo alipiga sindano huku bado anafoka, na kifua cha mama kikalegea, rangi ikarudi kwenye kucha. Alikuwa ameuliza jina na kijiji, basi. Hakuuliza mama ni mke wa nani, wala wa ngapi, wala mumewe ameajiriwa wapi. Na yule mwanamke wa Mambrui alimgawia mama uji wake. Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema Jumapili ile, yakakwama.

Aliyesema ni mama. "Mimi sitaki hiyo kadi."

"Mama mdogo, acha kiburi," kaka akasema. "Kiburi hakiponyi pumu."

"Hakiponyi. Lakini siku mwenzangu huyu akiumwa, nimpite kwenye foleni ya jua, mimi naelekea kwenye kiti cha mto? Nitamwambia nini tukirudi kuteka maji?"

"Na mimi siendi," akasema mama mkubwa. "Tumezaa humu ndani tukipokezana watoto. Leo nitenganishwe naye na mkasi?"

Kesho yake baba alirudi ofisini akasema ama waandikwe wote wawili ama asiandikwe yeyote, naye mwenyewe akiwemo. Meneja aliitwa, akamweleza kwa upole kwamba masharti yanatoka Nairobi.

"Basi waandikieni Nairobi," baba akasema, "kwamba huku Matsangoni mtu ana wake wawili na wote hupumua."

Wenzake wakamwita mjinga. Katika bustani yote akabaki yeye peke yake bila kadi. Mimi nilijivuna naye siku hiyo, na najivuna mpaka leo.

Ikaja masika. Wageni wakaisha, hoteli ya kaka ikafungwa mpaka msimu urudi, na wafanyakazi wakarudishwa makwao bila mshahara. Pasipo mshahara, bima haikatwi, na isipokatwa, kadi haifanyi kazi. Kaka hakuwa amelifikiria hilo, wala sisi.

Siku moja mchana jirani alichoma korosho, kuni zikiwa mbichi. Tulimpandisha mama kwenye pikapu ya nazi, mama mkubwa amemshikilia mgongo. Kaka alipanda pia, mwanawe begani, mtoto anawaka homa. Tukasimama foleni ile ile. Mama alipigwa sindano akapumua. Mtoto alipimwa, akaonekana ana malaria. Tulipofika dirisha la dawa tukaambiwa vidonge vimekwisha, vya mama na vya mtoto.

Kaka alikwenda duka la dawa akanunua vyote kwa pesa yake ya mwisho. Si mtu mbaya. Alinitia vya mama mkononi akaniambia, "Unaona?"

"Nimeona," nikasema. Hayo tu ndiyo yaliyotoka. Yaliyobaki ni haya.

Nimeona dawa haikuwapo, kaka. Lakini wewe ukiona dawa haipo unatafuta mlango mwingine, na mlango huo unafunguliwa na mwajiri na kufungwa na mwajiri. Wewe unajua kusema na mameneja na wazungu. Siku ile ulisimama dirishani kimya kama mimi. Ungeuliza kwa sauti yako ile ya Jumapili, dawa zimekwenda wapi na zitaletwa lini, watu wote wa foleni wangeuliza pamoja nawe. Wenye sauti wakihamia kwenye viti vya mto, dirishani tutabaki sisi tusioweza kusema, na atakayetuambia njoo kesho hatakuwa na wa kumwogopa. Siitaki bima inayochagua. Nataka hospitali ile ile, yenye dawa, na sitaona haya kuitaka.

Sasa watu wanasema kwamba hata ya serikali itaanza kutoza mlangoni. Sijui kama ni kweli. Ikiwa kweli, nitakwenda na mama zangu wote wawili, na safari hii nitauliza mimi, hata sauti ikitetemeka.

Wewe uliyesoma hadi hapa, niandikie. Aliyekupa karatasi hizi anajua pa kunipata. Niambie kwenu mambo yako vipi, foleni, dirisha na dawa. Na kama unaona kaka ndiye mwenye haki, andika vilevile, ila unieleze kwanza yule aliyekosa nafasi kwenye kadi aende wapi. Ukiniambia atajua mwenyewe, hilo sitalipokea.