Jirani Aliyepika Pani

Ijumaa, tarehe sita Februari, nilikuwa nikiondoa vyombo jikoni katika fleti ya marehemu mama, mtaa wa Malaz, Riyadh. Kodi ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Chini ya sinki nilikuta pani, imejaa vitunguu. Nilivimimina, nikaipangusa, nikaendelea na vikombe. Sikulia.

Labda nikueleze. Pani ni ala ya muziki ya Trinidad: pipa la mafuta lililokatwa, uso wake ukagongwa kwa nyundo hadi kila kibonyeo kikatoa sauti yake. Ilikuwa ya jirani yetu wa mlango wa pili, mzaliwa wa huko, fundi wa mashine katika hospitali ambako mama alikuwa muuguzi. Sisi watoto tulimwita Anko. Mama alimfundisha Kiswahili, lakini kosa moja halikumtoka ulimini: badala ya kupiga, alisema kupika.

"Dada, Ijumaa napika pani."

"Usizidishe chumvi," mama alimjibu, uso mkavu.

Kila Krismasi, Anko alinunua maua makavu ya karkadee sokoni Batha, akayachemsha kwa tangawizi na karafuu kuwa kinywaji chekundu; mama akakaanga mahamri. Sikukuu yetu haikuruhusiwa hadharani, kwa hiyo madirisha yalifungwa, vijiti vya pani vikavishwa mpira maradufu, nasi tukaagizwa kucheza bila kishindo, majirani wa chini wasisikie. Alitusimulia jinsi waimbaji wa kwao wanavyozunguka na kayamba nyumba kwa nyumba, wakiimba mpaka wafunguliwe. Na jinsi, kabla ya Kwaresima, bendi za pani zinavyojaza barabara, na nyimbo za kalipso zinavyowaumbua wakubwa, nao wakubwa wakacheka. Hilo la mwisho mama hakuliamini kamwe.

Alipohamishiwa Jeddah alituachia pani, akasema ataifuata. Hakuifuata, ila kila Krismasi alipiga simu, na mama akamuuliza anapika nini. Krismasi iliyopita simu ya mama iliita mikononi mwangu. Mama alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Niliitazama mpaka ikanyamaza.

Mlango wa pili sasa wanaishi watu nisiowajua. Jikoni hakuna harufu ya karafuu. Nilidhani ningesikitika zaidi.

Mwezi Machi, nilipokwisha kuhamia Batha, nilimwandikia barua huko Bani Malik, Jeddah, anakoishi na mwanawe. Kwa simu nisingeweza.

"Shikamoo Anko. Mama alifariki Novemba. Samahani kwa kuchelewa kukwambia. Pani ninayo mimi. Inanuka vitunguu kidogo. Njoo upike."