Samaki wa Bafuni

Mtaani walimwita Chumvi, maana kila alichosimulia watu walikigawa nusu ndipo wakakiamini. Alikuwa fundi bomba, na nyumba alikoitwa mara kwa mara ilikuwa ya madaktari wawili, mume na mke, waliokusanya kazi za sanaa maisha yao yote na wasiopenda wageni. Akirudi humwambia mkewe: kule sanamu zimejaa mpaka jikoni, na bafuni, juu ya beseni la kuogea, ananing'inia samaki wa vizibo vya soda.

"Na mkia anatikisa?" mkewe humuuliza, na nyumba nzima huangua kicheko.

Madaktari walipozeeka wakahamia kwa binti yao, nyumba wakaitoa iwe makumbusho ya watu wote. Chumvi aliposikia tangazo redioni aliruka, nusura apindue meza.

"Jumamosi twende! Wote!"

Siku hiyo alitangulia kama bwana harusi, nyuma yake mkewe na shemeji yake, mshona viatu asiyeamini kitu. Jikoni sanamu zilikuwepo, hadi juu ya jiko. Chumvi akapanda ngazi mbilimbili, akasukuma mlango wa bafuni. Beseni lipo. Juu yake, dari tupu.

"Samaki kaenda kuoga kwingine?" shemeji akauliza.

Chumvi akamkimbilia mlinzi, msichana mwenye sare mpya. "Dada, yule samaki wa vizibo yuko wapi?"

"Yuko sebuleni, baba. Huku alikuwa amekunjwa. Tumebomoa ukuta mzima wa sebule ndipo tukaweza kumkunjua."

Wakashuka mbio. Samaki alikuwa ametanda sebule yote, vizibo vyekundu na vya kijani vikimeremeta, mapezi yakigusa madirisha. Mke wa Chumvi alisimama chini ya tumbo lake, mkono mdomoni.

"Baba watoto, mbona hukusema ni mkubwa hivi?"

"Ningesema, ungerudi kwenu!"

Mke alicheka mpaka akamshika bega asianguke. Mara wakasikia kelele miguuni pao. Shemeji alikuwa amelala chali sakafuni, katikati ya miguu ya watu, kidole juu.

"Kashonwa kwa waya, kizibo kwa kizibo! Njooni muone huu mshono, jamani! Lala hapa, shemeji, lala!"

Chumvi akajinyoosha kando yake. Mkewe akatazama kushoto na kulia, akavua viatu, naye akalala.