Tulipanga mstari kuamua kikundi chetu kiende wapi, mama mkwe wangu akabaki pembeni

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi. Ninachosimulia kilitokea kweli na mimi mwenyewe nilikuwa katikati yake. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wana simu na bundle wananunua, wataniona.

Kiswahili changu ni cha mpakani, ndugu zangu wa Mombasa na Dar mnivumilie. Nina kibanda cha kutengeneza simu na redio Busia, upande wa Uganda. Nyumbani ni kijijini, ukishapita Masinya. Sub-county yenyewe, yaani kata, sitaitaja, tunaishi na hao watu vizuri na nataka tuendelee hivyo.

Huko kijijini tuna kikundi tunakiita Tuulize.

Tuulize haina ofisi wala fulana. Ni wananchi tu, wengi wakulima. Baraza la sub-county likikaa, sisi tunakwenda kukaa benchi za nyuma tunasikiliza. Wakimaliza yao wanatupa nafasi, tunauliza. Ile barabara mliyosema, imefika wapi? Nesi wa zamu mbona hayupo? Tunauliza kwa adabu, hatupigi kelele, lakini tunarudi mpaka tujibiwe.

Aliyekianzisha ni mama mkwe wangu. Serious.

Ilikuwa kwenye mkutano wa wananchi. Ofisa mmoja anasoma ripoti, akafika kwenye maji, akasema visima vyote vya pampu vinafanya kazi. Mama mkwe akainuka kule nyuma na jerikani lake la njano mkononi. "Huyu bwana anionyeshe hicho kisima kabla sijarudi nyumbani," akasema. "Mimi nimetoka kuchota kwenye kinamasi sasa hivi."

Watu wakacheka, ofisa naye akaishia kucheka. Pampu ya pale shuleni ikatengenezwa. Kuanzia hapo kila akienda kuuliza kitu watu wakawa wanamfuata, mimi nikiwa mmoja wao, na Tuulize ikaanza hivyo.

Kijijini wanamwita Mama Nafula. Nafula ni mke wangu.

Sasa nisimame hapa kidogo kwa wale ambao kwao mambo haya hayapo. Sisi Wasamia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasogeleani. Hamshikani mikono, hamkai kiti kimoja, mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Siyo chuki, ni heshima, tena kubwa. Mimi niliwahi kukutana naye kwenye kinjia cha kinamasi, natoka kanisani, viatu vipya vya ngozi. Nikashuka kwenye matope mpaka magotini. Yeye akapita anaangalia upande mwingine, akasema "pole sana" kama anayaambia mafunjo.

Viatu vile havikurudi kuwa viatu.

Kwenye Tuulize tulikuwa tumezoea. Yeye upande wa akina mama, mimi upande wa wanaume. Akiwa na neno la kuniambia anauambia mkutano mzima, mimi nachukua langu.

Haya, tuendelee.

Uchaguzi ukawa unakaribia, rafiki yangu Ojiambo akaja na wazo. Ojiambo ana boda, na kijiji kizima kinampenda, maana mama akishikwa na uchungu ni yeye anayemfikisha kituo cha afya, mvua inyeshe isinyeshe. Akasema Tuulize iweke mtu wetu agombee udiwani, huku tunasema kansela. Mtu mwenyewe awe yeye.

"Tutauliza mpaka lini?" akatuambia. "Wanaoamua wako mbele kwenye viti. Sisi tuko nyuma kwenye benchi tunaomba ruhusa ya kuongea. Twendeni mbele tukaamue wenyewe!"

Wakuu, hoja ilikuwa nzito na makofi yalipigwa.

Mimi nilipinga. Nikasema tukiwa na diwani wetu, nani atamuuliza yeye? Siku akikosea tutamuuliza au tutamficha? Halafu kampeni ni kampeni, asiyempenda Ojiambo ataona Tuulize siyo yake tena. Nimeshaona kikundi cha vijana kikifa hivyo hivyo. Kiongozi wao alipata cheo, wao wakabaki kubeba picha zake.

Na nilikuwa namfikiria mama mkwe. Kanisani anaongea katekista. Kwenye vikao vya ukoo wanaongea wanaume. Tuulize ndiyo mahali pekee ambapo yule mama akiinuka watu wanakaa kimya kumsikiliza. Tukigeuka kuwa kampeni ya mtu, yeye anarudi kuwa mama wa kupiga vigelegele. Hilo lilikuwa linaniuma kuliko yote.

Mwenyekiti wetu ni Madam Apio, mwalimu mstaafu, Mteso kwa kabila, asiyependa maneno mengi. Akasema tumeongea ya kutosha, Jumapili baada ya ibada tuamue. Mtu akataja kura za karatasi. Akakataa, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Sisi napanga mstari. Kila mtu naona kila mtu. Kwisha."

Kwa wasiojua, Uganda mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwa mstari. Mgombea anasimama, anayemtaka anajipanga nyuma yake, mnahesabiwa hadharani. Kila mtu anaujua huo utaratibu tangu utotoni, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Jumapili ikafika, tukakusanyika uwanja wa kanisa. Madam Apio akamwita Ojiambo mbele. Wanaotaka tugombee, nyuma yake. Akaniita na mimi. Wanaotaka tubaki waulizaji, nyuma ya huyu. Akatuamuru tuangalie ukuta, tusigeuke, tusije tukawatisha watu kwa macho.

Nikasimama naangalia ukuta wa kanisa. Nasikia miguu, nasikia vicheko, kuna mtu ananigusa mgongo. Wasiwasi sina. Akina mama wote wa ng'ambo ya kinamasi wanamsikiliza Mama Nafula, na yeye msimamo wake ulijulikana. Alishasema waziwazi kwamba yeye kiti hakitaki, anataka majibu.

Madam Apio akahesabu. Akasema geukeni.

Ojiambo alikuwa ametushinda. Siyo kwa wingi sana, lakini ameshinda.

Na mama mkwe wangu kwenye mstari wangu hayupo! Kwa Ojiambo pia hayupo. Amesimama kule pembeni kwenye tangi la maji la kanisa, na akina mama wake wamesimama naye, mikono wamefunga kifuani.

Wakuu, niliumia. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Jioni tunamenya karanga, nikamwambia Nafula, "Mama yako ameniangusha. Kitu amekianzisha mwenyewe, siku ya kukitetea anasimama pembeni kama mgeni."

Nafula akaniangalia kuona kama natania. Alipoona sitanii, alicheka mpaka ungo wa karanga ukamponyoka.

"We mwanaume! Ulitaka mama yangu aje asimame nyuma yako? Pua kwenye shati lako? Mbele ya kanisa?"

Nikainama kuokota karanga.

Jamani! Watu wote wale, Madam Apio, Ojiambo, mimi niliyeua viatu kwa ajili ya heshima hiyo hiyo, hakuna aliyelifikiria hilo. Kwenye mistari ya kijiji jambo hili halijawahi kumtokea kwa sababu mimi sijawahi kugombea chochote.

Najua mtauliza, si angekaa mwisho kabisa wa mstari? Nami niliuliza. Nafula akasema mwisho au mwanzo, kumfuata mkwe nyuma hadharani ni aibu ile ile. Na wale akina mama? Walimwona kiongozi wao amebaki, wakajua ana sababu, wakabaki naye.

Kesho yake nikaenda kwa Madam Apio. Alishika kichwa. Akasema tutakaa tena Jumapili inayofuata.

Ojiambo hakupenda, na ningekuwa yeye nisingependa pia. Stendi ya boda walishaanza kumwita mheshimiwa. Aliniambia usoni, "Umeshindwa, sasa unatafuta sababu. Wiki ijayo utasema jua lilikuwa kali." Tumekua pamoja mimi na huyu, na wiki nzima hakunisalimia.

Jumapili ile Madam Apio akampa nafasi Mama Nafula. Akainuka, akawageukia akina mama, mimi akanipa bega.

"Mimi sikukataa kitu," akasema. "Mmeniita nichague, halafu mmeniwekea mkwe wangu mbele. Nilikosa mahali pa kusimama."

Watu wakaanza kucheka. Yeye hakucheka.

"Na siyo mimi peke yangu. Huyu," akamshika bega jirani yake, "mtoto wake alibebwa na pikipiki ya Ojiambo akiwa mahututi, akapona. Mlimweka Ojiambo mbele. Mlitaka yeye asimame wapi, kama siyo nyuma yake?"

Yule jirani aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilimwangalia Ojiambo. Alikuwa anamwangalia yule mama, na nadhani hata yeye ndiyo mara ya kwanza analiona jambo lile. Akavua kofia yake ya boda.

"Turudieni," akasema. "Lakini safari hii mbele asisimame mtu."

Mama Nafula akachukua jerikani lake, akaliweka chini. Madam Apio akatoa kiti cha plastiki ndani ya kanisa, akakiweka mbali nalo. Anayetaka tugombee aende kwenye kiti. Anayetaka tuendelee kuuliza, jerikani.

Watu wakaanza kutembea. Nilikuwa nafikiri nawajua hawa watu! Yule jirani alikwenda kwenye jerikani bila kuangalia nyuma. Mdogo wake Ojiambo, tumbo moja, jerikani. Na waliokuwa nyuma yangu Jumapili iliyopita nao wanaondoka wanakwenda kwenye kiti, mmoja baada ya mwingine.

Na Nafula akaenda kwenye kiti. Mke wangu, wa ndoa ya kanisa!

Nikamwita, "Nafula!" Akanijibu kwa sauti, kila mtu anasikia: "Jumapili ile nilisimama na mume wangu. Leo naamua. Ojiambo anasema kweli, benchi limenichosha."

Walinicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nikaamua nijiunge na mstari wangu, mambo yaishe. Nafika, naona aliye wa kwanza kabisa nyuma ya jerikani ni nani? Mama mkwe. Nikarudi nyuma kama niliyekanyaga siafu. Nikajikuta kule kwenye tangi la maji, peke yangu, mikono sijui niiweke wapi.

Madam Apio akaniona. "Wewe nahesabu hapo hapo kwa tangi," akasema. "Jerikani."

Jerikani likashinda, kwa watu wachache. Jioni Nafula akaniletea ujumbe kutoka kwa mama yake: mwambie mkwe wangu, sasa ameona kule kwenye tangi kulivyo.

Ojiambo aligombea, lakini kwa jina lake mwenyewe. Alijitoa Tuulize kwa amani, tukapeana mikono, na kila mwanachama akampigia kura aliyemtaka. Nafula alimfanyia kampeni nyumba kwa nyumba. Ojiambo akashinda, na mimi nilifurahi kweli.

Baraza lao la kwanza tulikwenda. Ojiambo yuko mbele kwenye kiti, amevaa koti. Sisi tuko benchi letu. Wakatupa nafasi ya kuuliza, nikajua Mama Nafula atainuka. Hakuinuka. Alimgusa binti yake kiwiko.

Nafula akasimama. "Mheshimiwa, mimi nilikuombea kura mpaka sauti ikakauka. Pampu ya shuleni imekufa tena. Inatengenezwa lini?"

Ojiambo akafungua karatasi zake, akazifunga. Akaangalia benchi letu, sura moja moja, akafika kwangu. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Wakuu, nilimpenda sana rafiki yangu dakika ile, na sikumsaidia.

"Jumatano," akasema. "Nakuja na fundi."

Jumatano alikuja naye, amembeba kwenye ile ile boda. Wa kwanza kuchota alikuwa mama mkwe. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimeshaacha njia.

Nilichojifunza ni hiki. Mkitaka kujua kikundi chenu kinataka kwenda wapi, msiwaweke watu nyuma ya mtu. Wengine watamfuata kwa fadhila, wengine kwa ndoa, wengine watashindwa kumsogelea kabisa, na nyie mtadhani mmepata jibu.

Sasa semeni na nyie. Kwenu vikundi vya wananchi vinaamuaje mambo mazito, na mwenzenu akitaka cheo mnafanyaje naye? Na wenye wakwe kikundi kimoja mniambie mnakaa vipi. Niko hapa kibandani nasoma kila comment, umeme ukiwepo.