Ukumbi Uliojaa Mara Moja

Mwezi uliopita nilitoka Uyole, ninakoishi sasa, kwenda Iringa kwenye harusi ya binamu yangu, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi ile nyumba ya ghorofa moja karibu na soko. Chini wanauza simu. Juu wamejaza magodoro. Nilimuuliza muuzaji kama anajua palikuwa na nini huko juu zamani. "Stoo tu, dada," akanijibu. Nikanunua chaja nisiyoihitaji, nikatoka haraka kabla machozi hayajaniaibisha.

Rafiki yangu, pale palikuwa na makumbusho ya picha. Usicheke. Ulikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye sakafu nyekundu, na picha za kuchorwa zimejaa ukutani mpaka karibu na dari. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyeuza vitambaa duka la chini. Maisha yake yote alinunua picha, kwa walimu, kwa wanafunzi wa misheni ya Tosamaganga, kwa yeyote aliyepiga hodi na karatasi zake kwapani. Mkewe alipofariki, watoto wakiwa ng'ambo, akazitundika zote na kufungua mlango bila kiingilio.

Watu hawakuja. Tulikuja mimi na bibi yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyesafisha. Tulishuka kutoka Kihesa asubuhi, baridi ikituuma masikio, tukamkuta mzee na chai ya maziwa iliyozidi iliki. "Kamwene, mama," alikuwa akimsalimu kwa Kihehe chenye lafudhi yake, na bibi akicheka huku akivua kandambili. Alipangusa vumbi kwa manyoya ya jogoo aliyoyafunga mwenyewe kwenye kijiti, maana kitambaa, alisema, kinakwaruza. Picha zote alizijua. Wanawake wachuma pareto waliokuwa katika mojawapo aliwaamkia kila siku, na ole wako ukimcheka.

Mzee akafariki ghafla, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Mwili ukahifadhiwa hospitali kuwasubiri watoto. Bibi akasema haiwezekani mtu mwema akae siku mbili bila kuliliwa, na msiba akauchukua yeye, akauweka palepale ukumbini. Sasa unajua kwetu msiba ukiingia: vyombo vyote hutolewa nje, sebule ikabaki wazi ili watu wakae chini kwenye mikeka. Basi ukumbi ukatolewa kila kitu, na picha zikiwemo. Nani anaacha mapambo ukutani watu wakilia? Tukaziegemeza barazani nyuma na kuzifunika shuka. Mimi nilibeba zile ndogo, tena kwa majivuno.

Alasiri ukumbi ukajaa. Walikuja mafundi cherehani, mama wa sokoni, Walutheri, Waislamu, na jamaa wa hekalu lake. Wakala wali na maharage, wakaimba, wakamsifu. Tangu afungue mlango ule hawakuwahi kufika watu hata robo ya wale, na siku hiyo kuta zilikuwa tupu.

Mvua ikaja na upepo, ikaingia barazani kwa ubavu. Kwa vilio na nyimbo, hakuna aliyeisikia. Bibi alipokumbuka na kukimbia nyuma, rangi zilikuwa zinatiririka sakafuni, maana nyingi zilichorwa kwa rangi ya maji. Akapiga magoti, akaanza kuzikausha kwa kanga yake, na kila alipopangusa alizidi kufuta. Sijawahi kumwona mtu akilia vile, si siku ile wala baadaye.

Binti wa marehemu alipofika, bibi hakuficha kitu. "Mwanangu, nimeharibu mali ya baba yako." Binti akamkumbatia, wakalia wote wawili. Hakumgombeza. Nadhani bibi angepona mapema kama angegombezwa. Nyumba ikauzwa, na picha chache zilizosalia zikaenda ng'ambo na binti.

Uzeeni macho ya bibi yaliingia ukungu. Jioni alikuwa akiniita kitandani kwake nimsimulie picha za ukumbini, moja moja, kuanzia mlangoni. Nilizikumbuka kama sita hivi. Zilizobaki nilizitunga: mto, ng'ombe wawili, mtoto na ndoo. Na yeye aliyezipangusa miaka yote ile alijua fika kwamba namdanganya. Siku moja aibu ikanishika, nikanyamaza.

"Endelea," akasema. "Bado ukuta wa dirishani."