Muhuri wa SIRI Kwenye Karanga

Enzi hizo duka langu la kuchapa barua hapa Ifakara ndilo lililotuma fomu za watu wanaotafuta marafiki wa kalamu Ulaya. Siku moja wazungu wenyewe waliokuwa wakipokea fomu hizo wakaniandikia kwamba sheria za kwao zinakataza taarifa za mteja kuonwa na mtu mwingine bila ridhaa yake. Kichwa kikavimba! Barua nikaibandika ukutani, nikachongesha muhuri mwekundu wa SIRI, nikawa nagonga kila fomu na kumhubiria kila mteja kama padri.

Fomu zilizokosewa kujazwa niliziona takataka tu. Nikawa nampa Mama Tabu, muuza karanga, afungie karanga zake, naye ananionjesha bure.

Jumamosi moja nilikuwa Kivukoni nasubiri pantoni, pamoja na mteja wangu Mwalimu Deo na mkewe. Nikamweleza mwalimu, kwa sauti ili watu wasikie, jinsi ninavyotunza siri za wateja kwa sheria za kimataifa. Mkewe akamaliza karanga zake, akakunjua karatasi, akasoma.

"Deo, mwalimu, Ifakara. Umri, miaka ishirini na tisa. Hali ya ndoa, sijaoa." Akamgeukia mumewe. "Baba Neema, wale sita nimewazaa na nani?"

Mwalimu akautazama mto kama anayetaka kujitosa.

"Na hapa chini pana muhuri mwekundu," mkewe akasema, akininyooshea karatasi. "Hebu kaka nisomee, umeandikwaje?"

Ningemjibu, ila mdomo ulikuwa umejaa karanga za Mama Tabu.