Mshika Eriali wa Gatitu

Enzi zetu televisheni ilihitaji watu wawili: mmoja wa kuitazama na mmoja wa kushika eriali. Nyumbani kwetu Gatitu, wa kushika nilikuwa mimi. Jumamosi jioni majirani walijaa sebuleni kutazama mieleka, harufu ya chai ya maziwa na mandazi ikitoka dirishani, nami niko nje kwenye baridi ya mlima, nimekumbatia mti wa eriali kwa mikono miwili. "Imeshika?" nauliza. "Bado! Rudisha kidogo!" Picha ikishika, Baba anaamuru: "Hapo hapo, usipumue." Mieleka yote ya utotoni mwangu niliisikia tu. Jumatatu shuleni niliisimulia kwa mikono na miguu, na waliokuwa ndani wakanisahihisha.

Vijana wa leo, mtandao ukikwama dakika moja wanalia kama walioonewa. Huwa nawacheka, halafu nakumbuka yaliyonipata mwezi uliopita.

Mtoto wa dada yangu Njeri alikuwa anabatizwa ng'ambo, akaitwa Wangari, jina la Mama, kama desturi yetu inavyotaka. Ibada ingeonyeshwa kwenye kompyuta. Lakini macho ya Mama yamefifia, na kwenye laptopu yangu aliona ukungu tu. "Nataka kuona huyo Wangari kabla macho haijaisha," alisema. Nikajigamba. Mimi hufundisha kompyuta mjini Nyeri, nitashindwa vipi na televisheni ya marehemu Baba? Nilitoa kitambaa cha kufuma kilichoifunika, nikapangusa vumbi, nikaiunganisha na laptopu kwa kisanduku kidogo na waya zenye vichwa vya manjano, vyekundu na vyeupe, ili iwe skrini ya pili.

Zikaja chenga tupu, zile tulizokuwa tukiziita mchele wa Mwea. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Kwenye laptopu padri alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya kanzu. Na hapo, mwalimu mzima wa kompyuta, nilitoka mbio nikaenda kukumbatia mti wa eriali.

"Imeshika?"

"Bado! Rudisha kidogo!"

Nikarudisha. Waya wa eriali ile ulikatika miaka mingi iliyopita, siku hizi Mama huanika blanketi hapo. Nilijua vizuri sana. Niliendelea kuzungusha.

"Imeshika!" Mama aliita. "Hapo hapo, usipumue!"

Nikasikia maji yakimwagika, kilio cha mtoto, kisha Mama akicheka na kulia kwa pamoja, akiita jina lake mwenyewe. Nilitamani sana kuingia. Lakini nikiachilia halafu ipotee? Nikabaki nimeshika mpaka wimbo wa mwisho.

Wakati wa chai nilimwuliza ilishika vipi.

"Nilifinya tu ile batani ya video, ile baba yako alikuwa anafinya. Wewe ulisahau."

"Sasa mbona ukaniacha nje?"

"Ati nikutoe? Na kama ni wewe ulikuwa umeshika?"

Siku hizi kila mtu ana skrini yake mfukoni, na hakuna anayemshikia mwenzake chochote. Yule mtoto mimi sikumwona. Nilimsikia tu akilia, na Mama ameniambia ana masikio ya Baba.