Ati Baba Hakuwahi Kuokoka

Msimu wa mananasi, kiwanda kilipofanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, harufu tamu ilishuka mpaka mtaani kwetu Kamenu ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye unga, hata kwenye nywele zetu. Wageni waliisifu. Sisi tulioishi nayo tulikuwa tumeichoka, na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuichukia: baba alifanya kazi huko kiwandani, na jioni aliporudi nyumbani ilikuwa imechanganyika na ya chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Nilijifunza kunusa kabla ya kusalimia. Ikiwa ni nanasi peke yake, nilimkimbilia. Ikiwa ni nanasi na kile kingine, nilijifanya nasoma. Hakutupiga, hilo nalisema kwa haki. Alisahau tu. Alisahau siku ya kufungua shule, alisahau kula, na mara moja alinisahau mimi sokoni, nikarudishwa nyumbani na mama mmoja muuza sukuma wiki.

Nilipokuwa darasa la tano, akaokoka. Ilikuwa kwenye mkutano wa saa ya chakula cha mchana, ile mikutano ambayo wahubiri huifanya karibu na malango ya viwanda, wafanyakazi wakiwa wameketi nyasini wakila githeri. Aliyehubiri siku hiyo alikuwa pasta wetu, wa kanisa ambalo mama alienda kila Jumapili bila mume. Baba alifika nyumbani kabla ya giza, mkate mkononi, akasimama mlangoni akasema, "Mama Wairimu, mimi nimeokoka." Mama akamjibu, "Haya, tutaona," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia mengi. Na tukaona. Kuanzia mvua za Aprili hadi karibu na Krismasi, tulikuwa na baba. Mama akichoka, yeye alisonga ugali. Alijaribu kunisuka, nikaenda shule nikichekwa na sikujali. Akaanza tena kuniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, na nilikuwa sijaitwa hivyo tangu nikiwa mdogo sana. Kanisani aliimba kwa sauti nene iliyopotea njia kila ubeti, na mama aliinamisha kichwa ili watu wasimwone akicheka.

Pasta alijivunia sana baba. Alimpeleka Juja kwa wanafunzi, akampeleka Ruiru kwa mikutano ya akina mama, akamsimamisha popote palipokuwa na watu wa kumsikiliza. Nami nilipelekwa. Baba akimaliza ushuhuda wake, niliitwa mbele nikapewa maikrofoni, nikasema, "Bwana asifiwe. Baba yangu alikuwa akinisahau, sasa ananikumbuka." Watu walilia, na nilipenda walivyolia. Kisha pasta alichukua maikrofoni yake na kueleza kwamba aliyeokoka ameokoka, Mungu akishamshika mtu hamwachilii. Siku moja, katika darasa la watoto, nilimuuliza: na mtu akitaka kutoka mwenyewe? Akacheka. "Wairimu, mkono wa Mungu si hoteli, ati unaingia, ukishiba unatoka." Tulicheka sote. Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa. Sikuwa nawaza mbinguni hata kidogo. Nilichosikia mimi ni kwamba baba huyu wa ugali na nyimbo alikuwa wetu milele.

Desemba, baba akanywa. Alirudi na ile harufu, akalala kitini na viatu vyake. Asubuhi mama alimuuliza ni nani aliyemponza. Angeweza kuwasingizia wenzake wa kiwandani, na mama angemwamini kwa furaha. Lakini alisema, "Hakuna mtu. Nilitaka, nikaenda." Halafu akaanza kupiga pasi shati lake jeupe, maana mama alikuwa ameshampigia pasta simu na baba alitaka kutubu. Aliketi karibu na mlango, vifungo vimefungwa hadi shingoni, akingoja. Pasta alikuja na mzee mmoja wa kanisa, wakanywa chai. Hakumgeukia baba. Alimwambia mama, "Mama Wairimu, usilie. Mtu hawezi kupoteza kitu hana. Huyu hajawahi kuokoka." Baba akauliza polepole, "Na hiyo miezi yote, pasta?" Pasta akamwambia, "Hiyo ilikuwa nguvu yako tu, ndugu. Mwili unaweza kujikaza." Akaomba, akashika njia. Yale baba aliyokuwa ameketi akingoja kuyasema hakuna aliyemuuliza.

Sasa nikiwa mtu mzima naelewa alichofanya. Kama baba aliokoka kweli kisha akanywa kwa hiari yake, basi mahubiri yote ya Juja na Ruiru yalikuwa na tundu. Ilibidi kimoja kianguke, na baba ndiye aliyekuwa mwepesi wa kusukumwa. Nimeketi na Wakristo wanaoamini kwamba wokovu hupotea, na wengine wanaoamini kwamba haupotei kamwe, na sina ugomvi na upande wowote. Lakini pasta angemwambia baba kwamba ameanguka, baba angeinuka. Alikuwa tayari, amevaa shati. Aliambiwa hakuwahi kusimama. Sasa angerudi wapi? Alirudi kwenye chang'aa, na safari hii alikaa huko miaka mingi. Kanisani watoto wenzangu wakaniita mwongo. Na mama, aliyeula ule ugali akausifu, akaanza kusema, "Vile baba yako alikuwa akituigizia." Hilo liliniuma kuliko la pasta, na bado linaniuma. Walininyang'anya hata siku ambazo nilikuwa nimekwisha kuziishi.

Siku hizi naishi Ruiru, na baba anaishi nami. Pombe aliiacha ini lilipomsumbua, bila mhubiri, na akili zake ni timamu kabisa. Kanisa letu la mabati sasa ni jengo la mawe lenye skrini kubwa. Juzi binamu yangu alioa hapa Ruiru, na aliyealikwa kuhubiri alikuwa pasta yule yule, mvi kichwani. Katikati ya mahubiri akasimulia habari za mfanyakazi wa mananasi, mlevi, aliyeokoka saa ya chakula cha mchana, na mtoto wake akasimama mbele ya watu akasema kwamba sasa baba anamkumbuka. Akaishia hapo. Hakufika Desemba. Hakutuona, au alituona na hakutujua. Hema zima likapiga makofi. Niligeuka kwa hasira nimshike baba mkono tuondoke. Baba alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine, macho yamejaa machozi. Akaniinamia sikioni.

"Umeona huyo, maitu," akasema. "Huyo sasa aliokoka kweli."